Eti kumuuliza Mungu "kwanini" ni kukosa unyenyekevu? Naombeni maandiko

mama_genge

Wakuu habari za jioni, wakubwa wote shikamooni. Naombeni mnisaidie kwa hili maana kichwa kimechoka, na tafadhali wa mizaha apite tu leo.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Mwanzoni mwa mwaka alipata kiharusi akiwa kazini, upande wa kulia wote ukalala, na kuongea anaongea kwa shida mpaka uwe umemzoea ndo unaelewa. Tukalazwa, tukaruhusiwa, sasa hivi anaenda mazoezi ya viungo na dawa za presha anameza kila siku. Mimi nina genge hapa Tandika ndo linatulisha, na bajaji ya kumpeleka mazoezi na kumrudisha inakula karibu faida yote maana daladala hawezi kugombania na mguu ule.

Sasa ishu yenyewe. Kina mama wa kikundi chetu cha maombi walikuja nyumbani, nashukuru hawakuja mikono mitupu, walileta mchele na sukari, ila baada ya kuomba wakaanza ooh kuna mlango umefunguliwa, sijui madhabahu ya ukoo wa kwao mume, mara kuna dhambi haijaungamwa, mmoja akasema kabisa ameoneshwa ndotoni. Wanaongea yote hayo mume wangu amekaa pale kwenye kochi anasikia, kinachomshinda ni kujibu tu lakini masikio mazima na akili nzima. Mimi nikashindwa kujizuia nikalia nikasema kwa sauti Mungu kwanini sisi, tumekukosea nini. Weee! Nikaambiwa hiyo ni roho ya manung'uniko, ndo iliyowaua wana wa Israeli jangwani, ninyenyekee, nikae kimya, nipokee. Na kuna mtumishi mmoja wamemleta anataka tupande mbegu, yaani tumtolee sadaka ya hela, halafu mgonjwa aache dawa "aoneshe imani".

Mimi sijasomea mambo ya dini. Nataka kujua maandiko yenyewe yanasemaje, mtu akiteseka ni lazima kuna alichokosea? Na kumuuliza Mungu ni dhambi kweli? Kama ni dhambi niambieni nitubu, kama sio nijue pia nikae kwa amani.

mwl_mstaafu

Marahaba mwanangu, pole sana, na baba mpe pole yangu.

Nianze na hayo manung'uniko maana naona ndo yamekukaa rohoni. Ni kweli Israeli walinung'unika na ni kweli Mungu alikasirika. Ila soma Kumbukumbu la Torati 1:27 uone walinungunikia wapi, hemani mwao. Wamekaa ndani wanaambizana Bwana anatuchukia ndo maana katutoa Misri. Yaani walikuwa wanamsema Mungu pembeni. Musa naye alilalamika jangwani humo humo tena kwa ukali, Hesabu 11 anamwambia Mungu kwanini umenitenda hivi mimi mtumishi wako, kwani hawa watu wote nimewazaa mimi, kama ndo hivi bora uniue yaishe. Hayo alimwambia Mungu mwenyewe, hakwenda kuyasema uchochoroni. Sasa fungua sura inayofuata, ya 12 mstari wa 3, utakuta Musa huyo huyo anaitwa mpole sana kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi. Sura moja tu mbele! Kwahiyo wanaokwambia unyenyekevu ni kufunga mdomo wakueleze Musa wanamweka wapi.

Halafu Ayubu, yule mwenye haki aliyepoteza mali, watoto na afya. Watu wengi wanamjua Ayubu wa sura ya kwanza na ya pili tu, yule wa "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", ndo anayehubiriwa misibani, na ni maneno makubwa sana sina ugomvi nayo. Lakini kitabu kina sura 42. Sura ya 3 huyo huyo Ayubu anafungua kinywa anailaani siku aliyozaliwa, na kuanzia hapo mpaka ya 31 anauliza, anadai, anataka kesi isikilizwe, anamwambia Mungu nioneshe kosa langu. Kwa kifupi alisema kwanini mara nyingi kuliko wewe.

Ila mimi nataka uwaangalie zaidi wale rafiki zake, maana naona ndo wamekuja kwako na mchele. Elifazi, Bildadi na Sofari. Walianza vizuri kweli, wakalia, wakakaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno maana waliona maumivu yake ni makubwa mno. Wangeishia hapo tungewasifu mpaka leo. Tatizo wakaanza kueleza. Elifazi sura ya 4 anasema usiku nilijiwa na roho ikapita mbele ya uso wangu mpaka nywele zikasimama, (ndo huyo wenu aliyeoneshwa ndotoni). Bildadi sura ya 8 anamwambia baba aliyetoka kuzika watoto kumi kwamba watoto wako walikosa ndo maana wakapata walichopata. Sofari sura ya 11 anasema tena Mungu amekupunguzia, ulistahili zaidi. Na Ayubu alipokataa kukubali, sura ya 22 Elifazi akaanza kumtungia dhambi kabisa, eti uliwafukuza wajane mikono mitupu, umewanyima maji waliochoka. Hajaona, hajasikia, anatunga tu kwasababu hesabu yake lazima ikubali, mateso sawasawa na dhambi.

Mwisho wake uko 42:7. Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili kwasababu hamkunena yaliyo sawa habari zangu kama mtumishi wangu Ayubu. Soma taratibu hapo mama. Aliyelia na kuuliza ndo anaambiwa amenena sawa, waliokuwa wanamtetea Mungu ndo wanaambiwa wakatoe sadaka ya kuteketezwa na wakaombewe na yule mgonjwa waliyemshutumu. Mimi kila nikifika hapo nacheka.

mlinzi_wa_lango

Mwalimu heshima kwako ila umeegemea upande mmoja. Biblia hiyo hiyo ina Kumbukumbu la Torati 28, baraka kwa kutii na laana kwa kuasi. Ina Wagalatia 6:7 apandacho mtu ndicho atakachovuna. Yesu mwenyewe Yohana 5 alimponya yule wa miaka 38 halafu akamwambia usitende dhambi tena lisije likakupata jambo lililo baya zaidi. Sasa tukianza kuwaambia watu mateso hayahusiani na dhambi tutakuwa tunawabembeleza waende jehanamu wakiwa wametulia. Na Ayubu unayemsifu mbona 42:6 alitubu katika mavumbi na majivu? Alitubu nini kama alikuwa sawa? Simuhukumu mume wa mama hapa, nasema tu mtu ajichunguze, kujichunguza hakuui.

nesi_wa_zamu

Mama pole. Mimi naongelea dawa tu, hayo mengine watu wa maandiko wapo. Mgonjwa wa kiharusi mwenye presha USIMWACHISHE DAWA. Presha ikipanda tena anaweza kupata cha pili na mara nyingi cha pili ndo kinamaliza. Tumewapokea wengi sana wa "aliambiwa aache". Na mazoezi msiyakatishe, miezi hii ya mwanzo ndo mwili unarudisha zaidi, hata siku hela ya bajaji haipo mwombe mtu wa mazoezi akufundishe ya kumfanyisha nyumbani. Na umeongea kitu cha maana sana kuhusu masikio, wagonjwa wengi wa aina hiyo wanaelewa kila kitu, ni maneno tu hayatoki, kwahiyo kumjadili mbele yake kama hayupo ni kumuumiza mara mbili.

Kama wanataka andiko la dawa wape Isaya 38. Mfalme Hezekia aliugua hata kufa, akalia, Mungu akamwahidi miaka 15 tena, ahadi imeshatoka kabisa mdomoni mwa nabii, halafu nabii huyo huyo anasema leteni mkate wa tini muuweke juu ya jipu. Ahadi na dawa siku moja.

mwl_mstaafu

Nesi Mungu akubariki, hiyo ya tini nilikuwa naiendea.

Mlinzi, hoja zako nazichukua, sizidharau. Sikusema hakuna mateso yanayotokana na dhambi, mlevi akiendesha gari akapata ajali hatuhitaji nabii. Ninachokataa ni kusoma kinyumenyume, yaani kumkuta mtu kitandani halafu ukajua moja kwa moja kuna dhambi. Umeshika Yohana 5 ila geuza kurasa chache ufike Yohana 9. Wanafunzi wanamuona aliyezaliwa kipofu wanauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake. Hilo swali lao ndo madhabahu ya ukoo hiyo hiyo. Yesu akajibu huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Na Luka 13 kuna mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, Yesu akauliza mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wote wakaao Yerusalemu? Akasema sivyo. Kisha akawageukia wenye mdomo, akawaambia msipotubu ninyi wote mtaangamia vivyo hivyo. Umeona aliyeambiwa ajichunguze ni nani? Ni wale waliosimama salama wanaojadili waliokufa.

Kuhusu 42:6, hapo ndo penyewe na nashukuru umeuliza. Anza mstari wa 3, Ayubu mwenyewe anasema alichokosa, nimesema nisiyoyafahamu, mambo ya ajabu ya kunishinda mimi. Hasemi niliiba, niliwadhulumu wajane. Hajakiri hata moja katika zile dhambi alizotungiwa. Anachokubali ni kwamba ulimwengu huu ni mkubwa kuliko kichwa chake, kwasababu Mungu alikuwa ametoka kumuuliza sura nne nzima, ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi, unajua mbuzi-mwitu wanazaa lini, nani anamlisha kunguru. Na katika sura zote hizo nne Mungu hakumweleza kwanini aliteseka! Sisi wasomaji tunajua habari za Shetani kuomba kumjaribu kwenye sura ya kwanza, Ayubu hajawahi kuambiwa mpaka anakufa mzee.

Kwahiyo unyenyekevu wa Ayubu ni kukubali kwamba sijui. Sasa linganisha na mtu anayeingia kwenye nyumba ya mgonjwa akiwa na jibu tayari, ukoo gani, mlango gani, mbegu kiasi gani. Nani hapo anatakiwa anyenyekee? Kumwambia huyu mama aliyeelemewa ashuke chini zaidi ni kama konda anayewapigia kelele abiria wasogee nyuma wakati nyuma kumejaa mpaka mlangoni.

Petro anaposema nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari, 1 Petro 5:6, mstari wa pili yake anaendelea, mkimtwika yeye fadhaa zenu zote. Fadhaa huwezi kumtwika mtu bila kuitamka.

abuu_tawakkul

Assalam aleykum, mimi ni jirani tu wa upande wa pili wa dini lakini swali la mama limenigusa maana misikitini pia tunao hao hao, mtu akilia wanasema huna subira.

Kwetu Nabii Yaakub alipompoteza Yusuf alisema subira njema, iko Surat Yusuf aya ya 18. Halafu twende aya ya 84 huyo huyo aliyesema subira njema macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni. Wanawe wakamwambia hutaacha kumkumbuka Yusuf mpaka uugue au ufe. Akawajibu yeye huzuni yake na majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Kwahiyo subira na machozi vilikaa kwenye kifua kimoja, na Qurani haikumlaumu. Mtume wetu (SAW) naye alilia mwanae Ibrahim alipokuwa anakata roho, masahaba wakashangaa, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika na hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu.

Ayubu wenu ni Ayyub wetu pia. Dua yake iko Surat Al-Anbiyaa aya ya 83, fupi mno, imenigusa dhara nawe ndiye mwenye kurehemu kuliko wote wenye kurehemu. Ametaja maumivu, akamtaja Mola wake, basi, hata hakusema niponye. Na kwenye Surat Swaad akaambiwa piga mguu wako chini, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Mungu angeweza kumponya akiwa amelala pale pale lakini akamwambia apige mguu. Mimi ninavyoona mazoezi ya mzee ndo huko kupiga mguu. Na hadithi ya yule bwana wa ngamia wengi mnaijua, alimuuliza Mtume amfunge ngamia wake au amwache tu amtegemee Mungu, akajibiwa mfunge kwanza halafu tawakali. Kuacha dawa ukaita imani ni kumfungulia ngamia.

Mama, genge lako liko upande gani wa Tandika? Kuna vijana wa bajaji hapa Buza nawafahamu, mtu wa kila wiki anaweza kukufanyia bei ya kudumu.

mama_genge

Mwalimu, nesi, ustadhi, nawashukuru mno, nimesoma nikiwa gengeni mteja ananiita siskii. Mume wangu nimemsomea ile ya Elifazi kutunga dhambi akacheka, na kucheka kwake siku hizi ni kazi kubwa.

Ila mwalimu nina swali moja bado. Yule mtumishi naye alitumia Ayubu. Alisema mwishoni Ayubu alirudishiwa mara mbili, kwahiyo tukipanda mbegu na sisi tutarudishiwa mara mbili. Hilo nalo likoje?

mwl_mstaafu

Hilo linatajwa sana na linaudhi sana. Ni kweli mifugo ilirudi mara mbili, kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000. Lakini angalia lini. 42:10 inasema Bwana alimgeuzia uteka wake, yaani alimtoa kwenye mateso yake, alipowaombea rafiki zake. Ndio, wale wale walimu wake wa uongo. Hakuna mahali alipotoa mbegu, waliotoa sadaka ni wale watatu, tena kwa kosa lao. Na watoto hawakuzidishwa, walikuwa kumi wakazaliwa kumi, na mzazi yeyote anajua kumi wapya hawafuti kumi waliozikwa. Kitabu kinajua hilo, ndo maana 42:11 hata baada ya yote ndugu zake wanakuja kula naye mkate na kumlilia na kumfariji. Bado wanalia. Mahubiri ya mara mbili huo mstari huwa yanauruka.

Na Ayubu hakuwa na ahadi ya kulipwa. Alishikilia akiwa hajui kama kuna cha kurudi. Danieli 3 wale vijana watatu waliokataa kuabudu sanamu ya mfalme, wakiwa karibu kutupwa kwenye tanuru la moto, wanasema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wanaongeza, bali kama si hivyo, hatutaitumikia miungu yako. Hilo "kama si hivyo" ndo imani mtumishi wenu asiyoihubiri kwasababu haina bei. Waebrania 11 kila mtu anapenda orodha ya mwanzo, walioziba vinywa vya simba, walioepuka upanga, lakini mstari wa 35 unageuka, wengine walipigwa, wakakatwa kwa misumeno, wakazungukazunguka wamevaa ngozi za kondoo, na hao nao wanahesabiwa kwa imani hiyo hiyo. Paulo nguo zake ziliponya watu kule Efeso, na Paulo huyo huyo alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa, 2 Timotheo 4:20. Na mwiba wake mwenyewe, ndivyo alivyoiita taabu iliyomsumbua mwilini, aliomba mara tatu uondoke, akajibiwa neema yangu yakutosha. Basi Paulo naye angeambiwa imani yake ndogo?

Siwezi kukuahidi mume wako atarudi kuchomelea mageti mwanangu. Naomba arudi. Ila asiporudi usikubali mtu akuambie ni kwasababu uliuliza.

Ukitaka cha kusoma naye jioni, Zaburi 13 ni fupi, inaanza "Ee Bwana, hata lini". Na Zaburi 88 iwe ya siku mbaya zaidi, hiyo haina hata mstari wa kujipa moyo mwishoni, imeachwa hivyo hivyo na imo kwenye Biblia.

mlinzi_wa_lango

Mwalimu mimi Yohana 5:14 bado nimeishikilia, dhambi ina matokeo na hilo nitalisema popote. Ila kwa dawa niko na nesi, huyo mtumishi akae mbali na hiyo nyumba. Na habari ya kupanda mbegu kwa mgonjwa wa kiharusi hiyo ni biashara.

mama_genge

Jamani nimepata pa kusimamia. Mtumishi nimempigia nimemwambia dawa haachi na mbegu hamna, akakata simu. Kina mama wanakuja tena Alhamisi, sitawafukuza maana ni watu wangu na shida nyingine tunabebana, ila wakitaka kuongea habari za ukoo tutatoka nje, ndani tutasoma hizo zaburi basi. Ustadhi genge liko karibu na sokoni, nakutumia namba inboksi, hiyo ya bajaji ya wiki kwakweli itaniokoa.

Mlinzi na wewe karibu, ila ukifika kaa kwanza siku saba kimya ndo uongee 😂

mlinzi_wa_lango

Hahaha mama siku saba nitafukuzwa kazi. Niko Mbagala sio mbali, Jumapili baada ya ibada ntapita na unga. Mzee anapenda stori za mpira?

mama_genge

Yanga damu. Kama ni Simba usimwambie.